Darubini Aliyoipanga Mjukuu Wangu

Mwaka uliofuata mafuriko ya Elnino, mjukuu wangu alirudi Garsen kutoka Ulaya, anakosomea nyota. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini nilimtangaza kijijini mpaka watu wakanichoka.

Kazi yake ilikuwa kupanga darubini ya eksirei, ya kurushwa juu kabisa, maana miali hiyo hewa yetu huimeza, haifiki chini. Wapangaji walikuwa wengi. Wengine walitaka kupima gesi ya moto iliyojaa kati ya makundi makubwa ya nyota. Yeye alitaka mashimo meusi, yale yanayomeza hata mwanga, yaliyojificha nyuma ya vumbi. Miali mikali tu ndiyo inayopenya vumbi hilo, na kuinasa kunataka vioo vya peke yake.

Tulikuwa tunapalilia mpunga akinieleza.

"Mwali ukikipiga kioo uso kwa uso, Bibi, unapotelea humo humo. Lazima uje kwa ubavu, uteleze."

"Kama kijiwe bapa juu ya mto."

"Hivyo hivyo, mke mwenzangu." Ndio utani wetu, bibi na mjukuu.

Kisha akatoa lililomleta. Roketi ina kiasi chake cha mzigo, na mpango ulikuwa umezidi uzito. Wakubwa walikuwa wanakutana kupunguza, naye kusubiri huko kulimshinda.

"Wanasema vioo vyangu vikitolewa vitapanda chombo cha pili."

Sikumdanganya. Nilimwambia maji yalipotuvamia tulipakia watoto mtumbwini, gunia la mbegu tukaliacha ukingoni, eti tutalirudia.

"Wali wa mbegu ile umeula wewe?"

Akacheka kidogo, akashika jembe.

Jibu alilipokea kwenye simu ya posta. Alisikiliza sana, akasema machache. Alipotoka nilijua.

"Wamevitoa," akasema. "Wananitaka nikawasaidie watu wa gesi."

"Kataa. Wewe si kijakazi wa mtu."

"Nikikataa, Bibi, sitakuwamo hata kwenye hiyo darubini ya gesi."

Akaenda. Chombo cha pili hakitajwi tena, na hicho cha kwanza bado ni karatasi; kitakaporuka mimi nitakuwa mchangani zamani. Mashimo yale yataendelea kumeza bila shahidi. Nilimwombea kila swala avipate vioo vyake. Sasa namwombea asije akaichukia kazi.