Riwaya Ambayo Hafi Mtu

Mimi ni muuza sare za shule. Hapa dukani kwangu Katesh, mtoto akisimama mlangoni, kabla hajamaliza shikamoo nimeshajua anavaa shati namba ngapi na kama mama yake atataka limwachie nafasi ya kukua. Kipaji hicho kimenitia kiburi, sikatai. Ndiyo maana nilipoanza kuazimisha riwaya za vijana niliamini kwamba kitabu nacho ni kama sketi: unamtazama mtu, unanyoosha mkono kwenye shelfu, unampa, anaondoka kimemkaa.

Shelfu yenyewe haikuanza kwa mpango. Binti zangu walipoolewa walibeba vyombo, wakabeba mashuka, wakaniachia riwaya walizokuwa wakizisoma kwa kujificha wakati mimi nadhani wanasoma fizikia. Nikazipanga ukutani kati ya madaftari na misumari, na kila nikienda Arusha kufuata mzigo nikawa narudi na mbili tatu. Sitozi chochote. Sharti langu ni lile ambalo wafugaji wa huku wanalijua tangu kwa babu zao, pale mtu anapompa jirani ng'ombe wa kumtunzia: maziwa kunywa wewe, ng'ombe ni wangu, na akifa niletee ngozi. Kijana mmoja wa kidato cha nne alilichukua sharti hilo kama nilivyolitamka. Mbuzi wa kwao walipokula riwaya yangu ya kijasusi, alikuja na jalada tupu, akaliweka juu ya kaunta kwa mikono miwili.

"Mama, amekufa. Ngozi hii hapa."

Ningefanya nini? Nilimpa nyingine.

Vijana wana namna yao ya kuomba kitabu. Wasichana wanaotaka mapenzi hawasemi mapenzi, wanasema, "Mama, nataka kile kinachoeleza maisha." Wavulana wanaotaka mapenzi wanasema wanamchukulia dada. Anayetaka cha kutisha anasema wazi kuwa anataka cha kutisha, kisha kesho yake anakirudisha akidai kilikuwa cha kitoto, na macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Na wote, bila kumwacha mmoja, wanageuza geuza, wanapima unene kwa vidole, wanauliza kama hakuna chembamba kidogo. Mchagua jembe si mkulima, huwaambia, na wao hucheka kwa adabu, yaani wakiangalia sakafu.

Aliyekuja kunipunguza kiburi alikuwa msichana wa kidato cha pili. Zamani ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza. Mama yake aliuza nyanya na vitunguu karibu na duka langu, na mtoto huyo nilizoea kumwona amekaa nyuma ya matenga, kitabu mapajani, mteja anauliza bei yeye hasikii, mpaka mama yake amguse bega. Walikuwa wanakaa Jorodom, chini ya mlima. Asubuhi ile mlima uliposhusha tope, mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake, kijijini Mogitu, na mama yake alikuwa nyumbani. Sina haja ya kueleza zaidi, maana hapa Katesh kila mtu anajua alikuwa wapi asubuhi ile. Msibani hakulia. Alishika birika akawagawia wageni chai, na watu wazima wakamsifu kwamba amejikaza. Mimi pia nilimsifu.

Baada ya hapo akahamia kwa bibi moja kwa moja, na hadithi akaziacha. Alikuwa akija dukani ananunua kalamu, ananunua chumvi ya bibi, anatoka, na shelfu anaipita kama haipo. Zamani aliniita mama, kama wenzake. Sasa akaanza kuniita shangazi, nami nikaupokea ushangazi bila kuuliza.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya baridi, ya ule ukungu wetu unaoingia dukani bila kubisha hodi. Akaingia naye, akasimama mbele ya shelfu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kalamu?"

"Hapana. Nataka hadithi. Lakini iwe ambayo hafi mtu."

Hilo tu? nikajisemea, na mkono nikaunyoosha kwa mbwembwe zangu zilezile. Nikashika ya kwanza, nikakumbuka baba anafariki sura ya pili. Nikaiacha, nikashika ya pili, ya mapacha wawili, na mmoja anachukuliwa na mto. Ya tatu ilikuwa na maua mazuri jaladani, ikanipa moyo, kumbe maua yenyewe yamewekwa juu ya kaburi. Mkono ukabaki hewani na mtoto ananitazama.

Sijui waandishi wetu wa riwaya za vijana wana nini. Mtoto hawezi kufaulu mtihani wala kupendwa mpaka kwanza azike mtu. Zote nilikuwa nimezisoma, nyingine mara mbili, wala sikuwahi kuona tatizo. Ukifika umri wangu, msiba wa kwenye kitabu unaupita kama dereva wa basi anavyopita tuta: unaruka kidogo, unaendelea na safari.

"Njoo Jumamosi ijayo," nikamwambia. "Nitakuwa nacho."

Alipotoka nikaogopa. Mimi nagombana na madereva wa malori bila hata kuacha kufunga mzigo, lakini siku ile niliogopa, kwa sababu nilijua mtoto yule haombi mara mbili. Nikimpa kitabu kikamrushia jeneza usoni, shelfu ile hataigusa tena, na pengine si yangu tu.

Nikaunda kamati. Wasichana watatu wa kidato cha tatu, mmoja binti wa mwalimu, mmoja wa fundi cherehani, mmoja wa mwenye mashine ya kusaga, ambao Jumamosi zote hukaa juu ya magunia yangu ya sukari wakisoma bure na kutafuna karanga. Nikawaambia leo mtalipa kwa jasho: pitieni shelfu yote, mniambie ni riwaya gani haina marehemu. Walilishika jambo hilo kwa bidii ambayo walimu wao hawajawahi kuiona. Katikati ya wiki wakaanza kuleta taarifa.

"Humu anakufa bibi."

"Bibi mzee?"

"Mzee, lakini anakufa."

"Weka pembeni. Hiyo nyingine?"

"Hii hafi mtu, mama, ila kuna kaka mmoja haonekani tena kuanzia sura ya sita."

"Kaenda wapi?"

"Mwandishi amemsahau."

Tukabishana kama mtu aliyesahauliwa na mwandishi ahesabiwe marehemu ama la. Binti wa fundi akasema ahesabiwe, kwa kuwa hata chakula hapewi. Yule kijana wa mbuzi, aliyepita kufuata betri, akasema anaijua riwaya ambayo wote wako hai mpaka mwisho, ila wote wanafeli kidato cha nne. Binti wa mwalimu akasema afadhali wangekufa. Nikawafukuza wote, nikawaita tena baada ya muda mfupi, maana nilikuwa nawahitaji.

Mwishoni tukaipata. Ilikuwa hadithi ya msichana mwenye mbio, baba hataki akimbie, mama anamtetea kwa siri, na mwisho wake anashinda na baba ndiye anayeshangilia kuliko wote. Kamati nzima iliisoma, nami nikaisoma upya, kalamu mkononi kama askari wa zamu. Kila aliyeingia humo ukurasa wa kwanza anatoka ukurasa wa mwisho akiwa mzima, hata mjomba mlevi ambaye, nikiwa mkweli, alistahili kufa.

Jumamosi nikamkabidhi.

"Wallahi, hafi mtu," nikamwambia.

Akakipokea kwa mikono miwili, akakitia ndani ya sweta, akaondoka na ukungu wake. Nilijisikia fundi. Nadhani niliimba.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa limejaa, na mara tu alipoingia nikajua mambo si mazuri. Lakini mtoto wa huku hata akija kukushtaki anaanza na heshima. Alimpa shikamoo mzee mmoja mfugaji wa kijiji cha Dirma aliyekuwa anachagua misumari, akampa mama aliyekuwa anapima sketi, akampa mama mwingine aliyefuata sukari, akangoja marahaba ya kila mmoja, ndipo akanifikia mimi. Akaweka kitabu juu ya kaunta.

"Shangazi, ulisema hafi mtu."

"Hafi."

"Sura ya tisa." Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira. "Ng'ombe amekufa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, mpaka nikagundua kwamba dukani nacheka peke yangu.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara. Wazee wangu walikuja huku kutoka Kondoa na marobota ya nguo, na kwetu ng'ombe alikuwa ni nyama ya sikukuu na maziwa ya kununua. Kamati yangu nayo ilikuwa ya watoto wa mjini watupu. Tulikuwa tumewakagua watu wote, mpaka mjomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka ng'ombe.

Mzee wa Dirma aliacha misumari. "Ng'ombe yupi?"

"Wa kwao na huyo msichana," mtoto akasema. "Ndiye aliyekuwa anatoa maziwa ya nyumba."

"Ameugua?"

"Siku mbili."

"Ameacha ndama?" akauliza mama wa sukari.

"Ameacha. Hata kula majani hajajua."

"Masikini wa Mungu," akasema mama wa sketi, akakaa juu ya gunia.

Mzee akavua kofia. "Pole sana mwanangu," akamwambia, kwa sauti ileile wanayoitumia wakikanyaga uwanja wa msiba. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama unacheka?"

Nikamwomba radhi mzee, nikamwomba radhi mtoto, na kwa kuwa wote walikuwa bado wananitazama, nikaomba radhi na kwa niaba ya mwandishi. Mama wa sukari akataka kujua kama ndama alipata wa kumnyonyesha. Ikabidi tumweleze sura ya kumi yote, ndipo akakubali kuondoka.

Walipotoka, nikamwekea mtoto kigoda nyuma ya kaunta. Nikamwambia kosa ni langu, kitabu hicho nitakitoa kabisa kwenye shelfu. Nikanyoosha mkono kukichukua. Hakukiachia.

"Nilikuwa namsomea bibi," akasema. "Tunapukuchua mahindi uani, mimi nasoma, yeye anapukuchua. Nikafika kwa ng'ombe, nikashindwa kuendelea. Nikalia."

Nikaketi karibu naye, juu ya gunia.

"Bibi akaniuliza, huyo ng'ombe wa kitabu alikuwa rangi gani? Nikamwambia mwekundu, ana baka jeupe usoni. Naye akaanza kulia."

"Mkalia wote wawili."

"Sana, shangazi. Kuku walikuja wakala mahindi mpaka wakashiba, na hakuna aliyewafukuza." Alikuwa anakaribia kucheka. "Halafu bibi akaniuliza, mjukuu wangu, tunamlilia nani? Nikamwambia ng'ombe. Akasema haya, ng'ombe. Tukaendelea kulia."

Moyo uliniuma, na papo hapo nilifurahi, kisha nikaona haya kwamba nimefurahi. Nikajifanya natafuta mkasi, na mkasi ulikuwa shingoni mwangu, umening'inia kwenye kamba yake kama siku zote.

"Na kitabu ulikimaliza?" nikamuuliza.

"Nilikimaliza kesho yake. Alishinda mbio." Akanyanyuka, akakirudisha mwenyewe mahali pake, akakisukuma kikanyooka na wenzake. "Nataka kingine."

"Nimeelewa," nikasema. "Safari hii asife mtu, asife ng'ombe, asife hata kuku. Utanipa muda lakini. Huenda ikabidi nikuandikie mwenyewe, na mimi sijui kuandika ila risiti."

Akatikisa kichwa. Alikuwa amenipa mgongo, anasoma majina ya vitabu taratibu, kichwa amekiinamisha upande.

"Anaweza kufa mtu," akasema. "Mmoja tu."

"Haya. Unamtoa nani?"

"Yeyote. Hata babu." Akavuta kimoja, akapima unene wake kwa vidole. "Lakini asiwe mama. Huyo bado."