Aliyekuja Kusali Baada ya Kunyimwa Sala

Mama Vero tulimzika Alhamisi. Jumamosi asubuhi akaja kusali jumuiya, ile sala yetu ya majirani ya kila wiki. Cheka ukitaka, lakini nilikuwepo, jua limeshatoka, na macho yangu ni mazima.

Nianze na mazishi, maana hasira yangu ilianzia hapo. Kwetu Itigi, kabla Mkatoliki hajazikwa kwa sala za Kanisa, mwenyekiti wa jumuiya huulizwa kama marehemu alikuwa anashiriki sala hizo. Wetu, Mzee Gaspari, alijibu hapana. Katekista aliyekuja kuongoza mazishi akafunga kitabu chake, akaondoka.

"Shikamoo, baba mwenyekiti," Vero, binti wa marehemu, alimwambia akiwa amepiga magoti. "Mama alikuwa anamuuguza bibi. Kapooza, hageuki mwenyewe. Angemwachia nani?"

"Marahaba. Wote tuna wagonjwa, binti. Mbona mnadani alikuwa anafika?"

Mnadani! Kwenda kununua sabuni ya kufulia mashuka ya mgonjwa, ndiyo dhambi ya kumnyima mtu Baba Yetu kaburini? Tukamfukia kimya, kama tunafukia mzoga.

Jumamosi hiyo tulisali rozari nyumbani kwa Gaspari mwenyewe. Akauliza nani aongoze fungu la pili.

"Naomba mimi," sauti ikajibu mlangoni.

Alikuwa Mama Vero, kaketi pembeni ya mkeka, pale karibu na mlango, na kitenge kile kile tulichomzika nacho. Niamini, hakuna aliyekimbia. Akaanza Baba Yetu taratibu, kama mtu aliyezoea kuisali peke yake kando ya kitanda. Tukaitikia. Tulipofika "utusamehe makosa yetu", sauti ya Gaspari ikakatika. Mdomo unacheza, neno halitoki. Mama Vero akamtazama, akamngoja. Sote tukamgeukia Gaspari. Tuliporudisha macho mlangoni, hapakuwa na mtu.

Mpaka leo Gaspari anaongea vizuri tu. Anagomba, anatania, anapatana bei ya asali. Ila akisali, anakwama pale pale. Padre alimwambia mbele yetu, "Nenda kamwombe Vero msamaha, kisha twende wote kaburini tukasali."

"Nimwangukie mtoto mdogo vile?" akajibu.

Na wewe uliyepewa kusema nani asaliwe na nani asisaliwe, jihadhari. Kabla hujasema mtu hakushiriki, nenda kwake ukaone nani alikuwa anamgeuza kitandani.

Kesho jumuiya ni zamu ya nyumba ya Vero. Uwanja keshaufagia, mkeka kaazima kwangu. Gaspari hajasema kama atakuja.