Jina la Njeru Kwenye Nailoni

Kabla hujanicheka, angalia kama rimoti ya kwako imevuliwa nailoni. Viti vyangu hapa Kaaga bado hupiga kelele mgeni akikaa. Kitu kipya hutunzwa.

Basi niliponunua mashine ndogo ya kuchora majina kwa kukwaruza, nilipata na vipande vya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, vimefunikwa nailoni nyembamba. Sikuitoa, visije vikakwaruzika. Nikachora pambo moja la Krismasi: NJERU, jina la marehemu baba mkwe. Tangu tumzike, mama mkwe hakuwa amelitamka.

Kule Kiritiri, nyumbani kwa mama mkwe, nilisimama mbele ya familia nzima, nikahubiri kwamba jina lililochorwa halifutiki. Mama akalipokea pambo kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye mwanga, akaona ukingo wa nailoni. Akauvuta.

Jina likaondoka nayo. Mashine ilikuwa imechora nailoni tu.

Mimi natafuta pa kujificha.

Mama akaikunja ile nailoni, akaiweka ndani ya Biblia yake.

"Mama Wanja, usijali," akaniambia. "Huyo Njeru, hata akiwa hai, hakuwa wa kukaa mahali."