Punje za Wimbi Ndani ya Simu

Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Masimba, kati ya duka la mbolea na mama mmoja anayeshona nguo. Niliishia darasa la nane, na naandika polepole. Kwa hiyo siandiki skrubu ipi imetoka wapi. Huchora simu kwenye kipande cha katoni, kisha kila skrubu naichomeka mahali pake kwenye mchoro. Tangu nianze, sijawahi kubaki na skrubu mkononi.

Ijumaa moja, saa nane mchana, aliingia mwalimu aliyenifundisha darasa la tano. Nilisimama wima kama mwanafunzi. Yeye alikuwa na simu iliyofungwa kwenye leso.

"Tata," akaniita, kama mama zetu wanavyowaita vijana wao, "nisaidie. Picha za kazi za mikono za darasa langu zote zimo humu. Lazima zitumwe leo. Saa kumi na mbili tovuti ya baraza la mitihani inafungwa, na mtoto ambaye picha yake haijatumwa hapati alama."

Nilimuuliza kama hawezi kupiga picha nyingine.

"Za nini? Vikapu wameuza, keki za ndizi wamekula."

Simu ilikuwa imeanguka mtaroni siku ya Jumanne, mvua ikinyesha. Alikuwa amesikia kwamba simu iliyolowa huzikwa ndani ya mchele. Nyumbani kwake hakukuwa na mchele, ila debe la wimbi. Akaizika humo.

Punje ya mchele haiwezi kuingia kwenye tundu la chaji. Ya wimbi huingia bila kubisha hodi. Nilipomulika tochi, niliona punje zimejaa hadi mlangoni, na moja ilikuwa imetoa mzizi mweupe.

"Imeota!" mama mshonaji alipiga makofi. "Mwalimu, ianike uisage, tunywe uji."

"Shona nguo, wewe," mwalimu akamjibu.

"Nashona. Lakini huyu fundi wako ni Msabato. Leo Ijumaa, jua likizama anafunga kibanda kwa ajili ya Sabato, hata ulie."

"Basi nikimchelewesha nitaenda kuungama kwa padri," mwalimu akasema, akajaribu kucheka.

Mimi sina maneno mengi mbele ya watu. Niliomba sindano nyembamba kwa mama mshonaji, nikaanza kutoa punje moja moja. Ndani nilikuta maji hayajakauka na kutu ya kijani imekula tundu la chaji. Nilisugua ubao wa simu kwa spiriti na mswaki, nikang'oa tundu lile bovu, nikachomelea jingine nililolihifadhi kutoka kwa simu iliyokufa. Ukizidisha moto hapo, unaunguza njia ndogo za shaba, na simu haiamki tena. Nilichoma kidogo, nikaacha ipoe, nikachoma tena. Mwalimu aliuliza saa mara nne.

Watu hulaumu simu kwa kuharibu vijana. Shida ninayoiona mezani kwangu ni nyingine: tumeweka kila kitu mahali pamoja. Bibi zetu walihifadhi mbegu kwenye vyungu viwili, panya akitoboa kimoja, kingine kibaki. Sisi tumetia picha za mazishi, namba za ndugu na alama za watoto ndani ya kitu kinachozimwa na punje ya wimbi.

Saa kumi na nusu niliunganisha chaji. Kioo kilibaki cheusi, kisha kikawaka. Mwalimu alikaa chini kwenye ndoo yangu ya takataka bila kuangalia.

Picha zilianza kwenda. Kabla ya kila moja kuondoka aliniinulia simu nione: trekta la nyaya, kikapu cha maganda ya mgomba, taa iliyotengenezwa kwa betri kuukuu. Hiyo taa nilimwomba airudishe niitazame tena. Waya wake ulikuwa umeunganishwa vizuri, umefungwa kwa plastiki iliyoyeyushwa.

"Huyu ni msichana," mwalimu akasema. "Haongei darasani."

Ya mwisho ilipokwenda, alimpigia mwalimu mkuu. "Zote thelathini na sita zimefika." Akasikiliza. "Hapana, sikuipeleka simu Kisii mjini. Ni hapa Masimba, kwa mwanafunzi wetu."

Nilizima chuma cha kuchomea. Watoto thelathini na sita walikuwa na alama zao, na mmoja wao alikuwa ameunda taa.