Ildefonsi na Jembe la Mkewe

Mimi na Ildefonsi tulizaliwa siku moja, na hadi leo hapa Matiri watu hawajui yupi ni yupi. Shilingi kwa ya pili. Mzuri ni mimi, lakini hilo mtaliona wenyewe.

Kwa tabia, pacha wangu ni mtu wa kivyakevyake. Machi iliyopita mkewe, Scholastica, alishikwa na kiuno, kuinama hawezi. Ildefonsi alishafyeka nyasi na kuzilaza shambani miraba miraba, kama mwanaume yeyote wa Kimatengo. Kuchimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, ndani ya miraba hiyo na kufukia nyasi kwa udongo wake ni kazi ya wanawake. Na mvua zilikuwa zinaaga. Maharage yasipoingia udongoni wiki ile, mwaka huo nyumba ile haina maharage. Basi akashika jembe la mkewe.

Kijiji kikacheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote, mpaka nilipokwenda kilabuni. Asteria, muuza pombe, akanipokea mlangoni: "Shikamoo, mama! Mashimo yamefika wapi?"

Mimi! Mwanaume ninayejulikana hadi Kigonsera!

Asubuhi nikapanda shambani na kofia pana mkononi. "Ndugu yangu, vaa hii, uifiche sura yetu."

Viganja vyake vimechubuka, mgongo umekataa kunyooka. Akachimba, akaegemea mpini, akafumba macho, akachimba tena.

"Shemeji, muache," alisema Scholastica, ameketi juu ya kisiki. "Hata hasira hana nguvu nayo."

Nikamtazama. Uso wangu uleule, umekwisha. Kumbe nikichoka ndivyo ninavyokuwa?

"Pamebaki wapi?" nikamuuliza Scholastica.

"Kutoka hapo mpaka kwenye migomba."

Mbali, jamani. Nikamnyang'anya jembe. Hakubisha, alilala palepale kwenye nyasi. Nikavaa ile kofia mwenyewe. Scholastica akajikongoja mbele akimwaga maharage, mimi nyuma nafukia, mikono inawaka moto, manyunyu yanatulowesha.

Jioni, tukiwa tumeikaribia migomba, Asteria akapita njiani na ndoo yake kichwani.

"Pole na kazi, Ildefonsi! Na yule pacha wako mvivu yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikachoka kabla sijaanza.

"Yuko kilabuni," nikasema, nikainama tena.