Nani wa Kumwamkia Mwenzake

"Sikuamkii," nilimwambia Mwanakheir. "Hata leo, siku yangu ya kuzaliwa, sikuamkii."

"Utaniamkia," alinijibu. Alikuwa anamenya muhogo wa futari, kisu kinakwenda, na jicho haliangalii kisu, linaniangalia mie. "Bi Mize ameshavuka kutoka kisiwani Tumbatu. Mwanangu Khatib kamfuata Mkokotoni kwa gari. Akifika atasema nani mkubwa na nani mdogo, na weye utaitoa shikamoo yako mbele ya watu. Nitaipokea nimekaa kitako, miguu nimeinyoosha."

"Utaipokea ndotoni."

"Nilikuwa nshajua kuteka maji, weye unatambaa."

"Mie sikutambaa. Nilizaliwa nikasimama."

Hapo mjukuu wangu Modesta, aliyekuwa pembeni anaipaka keki krimu, akasema bila ya kuinua uso, "Bibi, Padri alikwambiaje kuhusu Kwaresima?"

Mtoto huyu kumbukumbu yake inaudhi. Padri aliniambia mwaka huu nisifunge sukari, nifunge uongo. Nikamwambia, Padri, nionee huruma, sukari naiweza. Alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakulegeza. Na mie, balaa yangu, siku yangu ya kuzaliwa huangukia Kwaresimani karibu kila mwaka, kwa hivyo hata keki yangu huliwa kwa adabu. Mwaka huu Ramadhani nayo imeingia papo hapo, kama wageni wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. Mwanakheir amefunga, nami nimefunga, na njaa haina dhehebu, humchongoa kila mtu ulimi. Keki ilikuwa inangojea magharibi kama sisi sote.

Siku yangu naijua vizuri. Mwaka ndio siujui. Baba yangu alikuwa mtu wa bara, mkwezi wa minazi, akikaa na mama kibandani karibu na Mkokotoni. Alipopita Padri wa zamani hizo akauliza mtoto kazaliwa lini, baba akasema juzi. Padri akahesabu kwa vidole, akaona juzi ilikuwa siku ya Mtakatifu Felista, basi nikawa Felista. Mwaka hakuna aliyeuuliza, na mimi nilikuwa na shughuli ya kunyonya. Shule baadaye niliiona kwa nje. Ilikuwa na ukuta mzuri.

Sasa, kanisani kwetu Mkunazini mtu akitimiza mwaka huenda mbele Jumapili, akataja umri wake, akaombewa, na watu wakapiga makofi. Mie nimekwenda kila mwaka, na kila mwaka nimetaja umri ulionijia mdomoni. Mwaka juzi nilisema themanini na moja, makofi yakawa mengi. Mwaka jana nikasema sabini na nane, maana nilikuwa nimevaa gauni jipya na niliona themanini haziendi nalo. Padri akanisubiri nje.

"Bi Felista," akasema, "mwenzetu unarudi utotoni?"

"Ni neema, Padri," nikamwambia.

Lakini usiku ule sikucheka. Nilikaa kitandani nikajiona nimemwibia Mungu. Miaka kanipa yeye, mmoja mmoja, na miaka yenyewe haikuwa mchezo. Nimefua mashuka ya hoteli Mji Mkongwe mpaka vidole vikawa vyeupe. Nimeuza vitumbua Darajani. Nimezaa, nimezika mume, na asubuhi zote za Mungu jua limenikuta nina pumzi. Halafu nasimama mbele yake na hesabu ya kubuni. Nikasema, kabla sijafa nataka mara moja tu nitaje mwaka wangu wa kweli, nimshukuru kwa kile alichonipa hasa. Hiyo mara moja ilikuwa iwe mwaka huu, Jumapili, kesho ya siku hii ya kuzaliwa. Ndiyo maana nilikubali Bi Mize aletwe. Mwanakheir yeye alikuwa na lake.

Mwanakheir ni Mtumbatu. Aliletwa Jang'ombe na mumewe, mwali hata hina haijafutika, wakapanga nyumba ambayo ukuta wake ndio ukuta wangu. Huku kwetu mtoto hafundishwi kula kabla hajafundishwa kuamkia. Mdogo humwamkia mkubwa, na hapo hapana mjadala. Asubuhi ya kwanza tukakutana bombani, mie na ndoo yangu, yeye na yake. Nikamwangalia, nikaona huyu mdogo wangu, ataniamkia. Naye akaniangalia, akaona vilevile. Tukangojeana. Ndoo zikajaa, maji yakamwagika yakafika barabarani, watu wa nyuma wakaanza kutukana, mpaka mmoja wetu, sisemi nani, akasema, "Sabalkheri."

Tumekwenda na sabalkheri hiyo, salamu isiyo na mkubwa wala mdogo, mpaka leo. Jioni, masalkheri. Alipoumwa homa ya uzazi, mie ndiye niliyemnyonyesha Khatib pamoja na wangu, mmoja kulia na mmoja kushoto, nikatoa maziwa hata jirani wa tatu akaja na kikombe chake. (Hili la kikombe, Modesta, usimwambie Padri.) Kwa dini yao Khatib ni mwanangu kabisa, na ndiyo maana mama zake wawili wakigombana yeye huwasha gari akaondoka. Alipokufa mume wangu, Mwanakheir alilala nami mkekani siku zote za msiba, akaninywesha uji kwa mkono wake. Asubuhi akiniamsha alinishika bega akasema, "Sabalkheri, Felista." Hata siku hiyo hakulegea, na mie, katikati ya kilio, nikamwitikia sabalkheri.

Basi ingeendelea hivyo mpaka kaburini, lakini kabla ya Ramadhani kuingia Khatib alikwenda Tumbatu harusini. Kule akamkuta Bi Mize, shangazi yake Mwanakheir, ajuza ambaye hata wazee humwita bibi. Bi Mize akamwuliza, "Yule mtoto wa mkwezi wa Mkokotoni yu hai?" Mkunga aliyenizalisha mie alikuwa mama yake Bi Mize, na Bi Mize ndiye aliyeshika taa. Na Mwanakheir alizalishwa na Bi Mize mwenyewe. Kwa hivyo yuko mtu mmoja duniani aliyetuona sote wawili tukiwa na utosi laini, na siku zote hizo tulikuwa hatujui.

"Atakwambia mwenyewe," Mwanakheir alisema, akautupa muhogo kwenye sufuria. "Ulizaliwa nyuma yangu."

"Siku nilipozaliwa mie," nikasema, "baba alikuwa juu ya mnazi. Aliposikia sauti yangu alishuka kwa furaha akaisahau kamba juu, na minazi yote ya Mkokotoni ikaangusha nazi kwa pamoja. Watu walikula vya nazi hata chai wakatia tui. Hayo unayakumbuka? Huyakumbuki. Basi ulikuwa hujazaliwa."

"Bibi," Modesta akasema. "Kwaresima."

"Mtoto, nnasimulia historia."

"Na wale kima?" Mwanakheir aliuliza. Alikuwa anajua, lakini hupenda kuisikia.

"Kima punju wa Jozani waliniamkia. Nilikuwa nawapikia wale wanaotembeza wageni msituni. Mmoja akashuka mtini, akaweka mkono kifuani, akainama. Nikaitikia marahaba. Akarudi juu akawaambia wenzake."

"Alikufananisha na bibi yake."

"Umesema mwenyewe. Bibi ni mkubwa."

Modesta alicheka mpaka kijiko cha krimu kikamponyoka. Mwanakheir naye alicheka, akajifuta macho kwa pembe ya kanga, halafu akachukua muhogo mwengine. Alikaa hivyo, kisu mkononi, muhogo hajaumenya.

"Felista," akasema. "Na kama mie ndiye mdogo?"

"Utaniamkia."

"Nnajua. Nnasema kesho asubuhi. Nitoke mlangoni, nikuone unafagia, nikwambie shikamoo." Akalijaribu neno mdomoni kama mtu aonjaye chumvi. "Itakuwa kama tumegombana."

Nilikuwa nachuja tui. Nikaendelea kulikamua chicha hata pasipokuwa na kitu tena cha kutoka. Maana nilikuwa nimeshaiwaza ile ya upande wa pili, mie ninayemwamkia yeye, yeye ananiitikia marahaba kama nimetumwa dukani, na nilikuwa nimedhani kinachoniuma ni kiburi. Kiburi kilikuwemo, sikatai. Lakini mtu unayemwamkia humkalii chini mguu juu ya mguu ukamwambia mchuzi wake umechacha. Mtu uliyemwita mkubwa wako humwambii kwamba kilemba cha mumewe kilikuwa kama kiota. Tutazungumza nini?

"Na mie kesho kanisani nitataja nini?" nikamwuliza. "Nilitaka kumpa Mungu mwaka wa kweli."

"Kwani hana?" akasema Mwanakheir. "Si weye uliyeniambia kwamba yeye anazijua hata nywele zako idadi yake?"

"Ndiye."

"Basi siku hizi kazi hiyo imempungukia." Akaniangalia kilemba. "Anayejua nywele atapotelewa na miaka? Ya kwake anayo. Anachongojea kwako ni ahsante."

Nitakwambia kweli, nimesikia mahubiri mengi Mkunazini, mengine nimeyalalia, na hili limeniingia kuliko yote, nalo limetoka kwa Mtumbatu aliyefunga, mwenye muhogo mapajani. Mtu akikupa zawadi huihesabu mbele yake? Unaipokea kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, unashukuru. Nikajiona kesho nimesimama mbele, wananiuliza umri, nami nasema miaka ni mingi, aliyenipa anaijua, na mie nimeipenda yote. Hapo hapana uongo hata chembe. Padri atakosa la kusema, na hiyo nayo ni zawadi.

Furaha ikanipanda mpaka nikasahau njaa.

"Mpigie Khatib," nikasema. "Mwambie amrudishe."

"Amrudishe bibi wa watu njiani, na futari karibu?"

"Basi alishwe, anyweshwe, aulizwe habari za Tumbatu. Hilo jengine asiulizwe."

"Na akilisema mwenyewe? Ajuza yule hana breki."

"Tutajifanya hatusikii. Wazee si hatusikii?"

"Weye ndiye mzee," akasema Mwanakheir.

"Sasa unakubali?"

"Sikukubali kitu, nimesema..."

Gari likasimama nje. Tulisikia mlango wake, tukasikia na Khatib anasema polepole, bibi, hapa kuna kizingiti. Modesta akaificha keki bila ya sababu yoyote. Mwanakheir akanikamata mkono, wake una utomvu wa muhogo, wangu una tui.

"Felista, tusimwache aanze yeye kusema."

"Tuseme nini?"

"Lolote. Sema hayo ya kima, sema..."

Pazia likasogea. Aliingia mtu mdogo, mwepesi, mkono mmoja kwa Khatib na mwingine ukutani, uso wote mikunjo, macho makavu yanayong'ara. Akatuangalia, mmoja, halafu mwengine, akafungua mdomo.

Maganda ya muhogo yakamwagika kutoka mapajani mwa Mwanakheir. Tulikuwa tumeshasimama, mie na yeye, viganja vimeshikana, magoti yamepinda kidogo kama ya watoto waliotumwa na mama zao.

"Shikamoo," tukasema, wote wawili kwa pamoja.