Bosi anainua mguu, mkojo hautoki

Leo mie, mtu niliyefika mpaka Dubai, nimekosa neno.

Mzee Komba, jirani yangu hapa Goba, anaishi na mbwa wake tu, Bosi. Mbwa akipiga chafya, mzee halali.

Asubuhi kanigongea geti. "Mwanangu, Bosi anainua mguu kila dakika!"

Nikacheka. "Shikamoo kwanza, Mzee! Hiyo U.T.I. tu, Dar nzima tunayo. Mpe madafu, yatamsafisha."

Nikakimbia kuyanunua mwenyewe. Bosi akanywa yote, mzee akanibariki.

Mchana tumbo la Bosi likawa gumu kama mpira. Tukambeba kwa bajaji hadi kwa daktari wa mifugo.

"Kakojoa mara ya mwisho lini?"

"Si nakwambia, kila dakika anainua mguu," mzee akajibu.

"Babu, kuinua mguu na kukojoa ni vitu viwili."

Jamani.

Mawe yameziba njia. Mrija wa kutolea mkojo umegoma kupita, figo zimechoka, na madafu yangu yote yamo humohumo. Daktari kasema hata upasuaji Bosi hatauweza, bora achomwe sindano apumzike moja kwa moja.

Mzee kaomba amtoe nje kidogo kwanza.

Bosi kajikokota mpaka kwenye tairi la bajaji, kainua mguu. Mzee kamwinamia: "Jitahidi, baba. Tone moja tu."

Nikaangalia pembeni.

Wenye mbwa, msiangalie mguu, angalieni chini kama pamelowa.

Na mwenye neno la kumwambia mzee aniandikie hapa. Bado tuko nje, na tairi ni kavu.